Mtu wa Tatu Katika Picha ya Isidori

Matrida alikuta udongo mbichi chini ya altare. Ilikuwa Agosti, kijiji cha Buswahili hakijaona mvua miezi miwili, na kanisa la kigango lilikuwa limefungwa tangu Jumapili. Ufunguo alikuwa nao yeye. Akaufagia ule udongo, akautupa nje.

Juu ya altare kulikuwa na ubao mpana wenye picha ya Mtakatifu Isidori, msimamizi wa wakulima, amepiga magoti akisali huku malaika akimlimia kwa ng'ombe wawili weupe. Matrida aliuzoea ubao huo kama jirani. Tangu azikwe Burito, mumewe, na binti yao Robi aolewe Mwanza, alikuwa hana mwingine wa kuongea naye.

Mchana ule, akipangusa vumbi, aliona pichani mtu wa tatu, mbali, ukingoni mwa shamba, amegeuza mgongo.

"Umechoka, mke wangu," sauti ikasema. Ilikuwa ya Burito.

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Kila siku yule mtu alikuwa amesogea karibu zaidi, na harufu ya udongo ikachanganyika na ya ngozi iliyooza, lakini sauti ilimuuliza amekula nini na amelalaje, mambo ambayo hakuna aliyemuuliza tangu matanga, hivyo ilipomwambia afunge madirisha alifunga, na Hilda, jirani yake, alipobisha mlango wa kanisa akimwita jina, Matrida alijikunyata kwenye benchi, amebana pumzi, mpaka nyayo zikapotea, akabaki akisikia nyuma ya ubao kitu kikicheua taratibu, kama ng'ombe.

Jumamosi akaja fundi Hamduni kutoka mtaa wa Mukendo, mjini, aliyeichora picha ile, kuipaka rangi upya. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama Robi," akanong'ona, "mimi nilichora Isidori na malaika. Huyu nani?"

"Alikuwaga mbali. Ananisemesha kwa sauti ya marehemu."

"Amekuomba nini?"

Matrida akainamisha macho. "Kesho nisiwafungulie watu. Tubaki wawili."

"Hilo ni jini, mama. Mimi nitasoma dua, lakini kumfukuza ni kazi yako. Wewe ndiye uliyemkaribisha."

Hamduni akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Matrida akachovya vidole katika maji ya baraka, akayanyunyiza ubaoni. Yule mtu akageuka. Hakuwa na macho wala mdomo. Uso wote ulikuwa udongo uliolimwa.

"Matrida, nani mwingine atakuuliza umelalaje?"

"Hakuna," akasema, machozi yakimtoka. "Nenda."

Ubao ukalia kwa kupasuka. Pale aliposimama yule mtu pakabaki mbao tupu.

Jumapili Matrida alifungua mlango wazi. Baada ya ibada akamfuata Hilda uani.

"Dada, nisamehe. Uliponibishia nilikuwemo ndani."

"Najua," Hilda akasema bila kumtazama. "Nilisikia mnaongea wawili. Jana jioni nikapita tena, nyumbani kwako. Nikaona nisiwasumbue, mlikuwa mnacheka."

Matrida akageuka, akatazama upande wa nyumba yake. Jana jioni alilala mapema, peke yake, na hakufungua mdomo.