Mkono Kwenye Waya

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Mama Cherehani alipotoka kwenda kumwita fundi redio. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo kwa sababu ya kazi yake ya kushona, na jioni hiyo alitoka na utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni. Hakuuona. Tangu mwanawe apotee, mambo mengi yalimpita hivyo hivyo.

Fundi alikuwa anafunga kibanda chake. Watu walimpa jina la Sikio, maana redio ikikoroma mbele yake mara moja tu, yeye ameshajua inaumwa wapi.

"Kesho, mama," alisema. "Leo nimechoka hoi, na mke wangu ananisubiri."

"Kesho mbali, mwanangu. Nifanyie hisani. Yenyewe husema jioni tu."

"Husema nini?"

"Haishiki stesheni. Njoo uione."

Sikio alimtazama usoni. Mtu mzima akikuomba kwa macho yale, unakataa kwa mdomo gani? Akabeba mfuko wake wa vifaa.

Redio ilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa uani. Jekundu, milango miwili, lile gari la mbio ambalo vijana hubandika picha yake ukutani. Mwanawe, kitinda mimba wake, alilinunua kwa mwanamke mmoja ambaye hata hakuligeukia wakati anakabidhi funguo. "Halina ubaya," alisema yule mwanamke. "Redio yake tu inasumbua kidogo." Halikupita juma, likakutwa kando ya barabara, injini inanguruma, milango imefungwa, ndani hamna mtu. Waya wa antena ulikuwa umechomolewa chini ya dashibodi na ncha yake imemenywa. Polisi walitafuta mpaka wakachoka, kisha wakamrudishia mama gari, kana kwamba gari ndilo lililopotea.

Mama Cherehani hajui kuendesha. Lakini kila jioni aliingia humo, akijishusha kama anayekaa ndani ya beseni, akawasha redio. Mikwaruzo mitupu. Halafu, ndani kabisa ya mikwaruzo...

"...ma... me... la?"

Kila jioni mwanawe alipokuwa akirudi kazini, kabla hata hajavua viatu, alikuwa akiuliza: "Mama, umekula?"

Dada yake Mama Cherehani alimletea mganga. Mganga alilizunguka gari akinusa, kisha akarudi nyuma. "Hiki hakifukuziki," alinong'ona. "Kinataka kusikilizwa. Usikisikilize." Akaondoka bila kuaga.

Asikisikilize! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Sikio alivua kandambili zake nje ya mlango wa abiria, akalala chali ndani, kichwa chini ya dashibodi, miguu imechomoza nje. Gari lilivyo fupi, hakukuwa na namna nyingine.

"Tatizo nimeliona," alisema kutoka huko chini. "Magari haya mazuri kwa macho tu, mama. Bodi siyo bati, ni faiba. Na antena wameificha ndani ya kioo, hapo itashika stesheni gani? Nitakufungia ya nje, nyaya zake nizibane kwenye chuma cha chini kabisa."

Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Akabana, akaunga, akasimamisha antena ndefu kwenye boneti. Mama Cherehani alikaa kiti cha dereva, mikono mapajani, roho juu juu. Nje, mwanga ulikuwa unakwisha.

"Washa."

Mikwaruzo. Nyuma yake, sauti ya mtu... kama anasemea ndani ya mtungi.

"Imekaribia," alisema Sikio. "Ngoja nifanye ile yetu ya mafundi. Ukitaka kujua kama antena ndiyo mbovu, unashika waya kwa mkono. Mwili wa mtu ni antena tosha. Hata wewe ukisimama karibu na redio nyumbani, si husikia inatulia?"

Akaikamata ile ncha iliyomenywa ya waya wa zamani.

Mikwaruzo ikakatika. Gari zima likajaa utulivu, kama chumba ambacho mtu ameingia.

"Hapo!" Sikio alicheka. Ndivyo alivyosema siku zote redio ikitii. "Hapo... hapo hapo!"

"Mama, umekula?"

Ilikuwa sauti yake. Safi. Hata pumzi yake ilisikika.

"Mwanangu!" Mama Cherehani aliinamia spika mpaka mdomo ukaigusa. "Mwanangu, uko wapi? Niambie ulipo nije nikuchukue!"

"Niko karibu, Mama. Mwambie asiachie."

Kicheko cha Sikio kilikufa. "Mama... huyo ni nani?"

"Ni mtoto wangu. Shikilia, baba, nakuomba. Kidogo tu."

"Waya una baridi." Miguu yake ilianza kutetemeka pale nje. "Mama, una baridi sana. Zima."

"Naiona njia, Mama," ilisema redio.

"Zima, mama! Vidole havifunguki!"

Harufu ikapanda kutoka chini ya dashibodi. Harufu ya nywele zilizoungua.

"Usizime. Naiona taa ya uani. Naliona geti letu."

Kidole cha Mama Cherehani kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kukibonyeza tu. Alijua la kufanya, na hilo atakwenda nalo kaburini. Fundi alikuwa analia kama mtoto aliyeng'ang'aniwa mkono na mtu asiyemjua.

Mama Cherehani akafumba macho, asikie vizuri zaidi.

"Naona mlango, Mama. Naona..."

Kimya.

Alipofumbua macho, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Waya ulikuwa unabembea polepole. Kandambili zilikuwa pale pale nje, zimepangwa sawasawa kama zinamsubiri mwenyewe.

Alipiga kelele? Hakumbuki. Anakumbuka kwamba aliukamata ule waya yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, na redio ikanyamaza kama jiwe. Alipoachia, ile sauti ikarudi kwa mbali, yenye huruma.

"Si wewe, Mama. Wewe sikiliza."

Kesho yake hakushona hata tundu la kifungo. Kandambili alizifungia kabatini, chini ya vitambaa vya wateja, kisha akaona aibu, akazitoa. Aliwaza lile jina la Sikio, akamwaza mke wake aliyekuwa akisubiri. Akaapa. Mtu yeyote akija kuuliza, atasema kweli yote, hata wamwite mchawi, hata wamwite mwendawazimu. Na gari atalimwagia mafuta ya taa alichome.

Jua lilipokuwa linazama, geti liligongwa.

Alikuwa mwanamke kijana, macho yamevimba, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. "Shikamoo, mama. Samahani. Wanasema mume wangu, fundi redio, alionekana akija huku na mfuko wake."

"Marahaba, mwanangu." Mama Cherehani alishika nguzo ya geti. "Ingia. Kuna jambo inabidi nikuambie. Ni zito, kaa kwanza..."

Uani, redio ikakoroma.

Hakuna aliyeiwasha.

"...po... hapo ha..."

Yule mwanamke aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Huyo ni yeye! Huyo ni mume wangu!" Alikimbia mpaka kwenye gari, akaingiza kichwa dirishani, akaita, akaita tena. Ni mikwaruzo tu iliyomjibu. Akageuka, machozi yanamtiririka. "Mbona simsikii vizuri? Mama, mbona simsikii?"

Rudi kwako, alitaka kumwambia. Rudi ufunge mlango, umlilie huko huko. Usikisikilize. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Ndipo ikaja, chini kabisa, nyuma ya sauti ya fundi. Ndogo, imechoka, inafifia kama mtu anayerudishwa nyuma gizani.

"Mama... umekula?"

Mama Cherehani akafungua mlango wa abiria. Akaushika waya pale penye ganda, akaipangusa ncha kwa pindo la gauni, taratibu, jinsi anavyopangusa sindano kabla ya kumpa mtu.

Hakuweza kumtazama usoni.

"Shika hapa, mwanangu," alinong'ona. "Usiachie."