Kiti cha Redio

Mama alikuwa ameshavaa viatu, begi liko mlangoni, lakini bado amepiga magoti kando ya godoro akimwonyesha mumewe kwa mara ya mwisho. Mtoto alale ubavu, taulo lililoviringishwa liwe chini ya mbavu. Mkono uinuliwe taratibu kupita kichwa huku akivuta pumzi. Kisha upande wa pili. Asubuhi na jioni.

"Zisipofunguliwa, mbavu zinakaza. Umesikia, Baba Redio?"

"Nimesikia. Nenda, gari litakuacha."

Redio ni binti yao wa miaka tisa, mwenye mtindio wa ubongo. Sisi wa nyumba ile tulimwita hivyo kwa kuwa hanyamazi.

"Nenda tu mama," akasema kwa pumzi moja, "huyu fundi akinivunja nitapiga kelele mpaka huko kwa bibi usikie."

Tukacheka. Mama akaenda kumuuguza mama yake, akipanga kukaa miezi minne.

Baba ni fundi makochi. Wiki ya kwanza alimnyoosha. Ya pili mtoto akalalamika, baba akaingiwa na huruma, akamtengenezea kiti: sponji kila upande, mkanda kifuani. Jamani, kilipendeza. Mtaa mzima ulikuja kukiona, na mimi mpangaji wa chumba cha uani nilikisifu, sitaficha. Redio alikaa wima kama hakimu tangu chai hadi kulala. Taulo likawa la kufutia gundi.

Mwezi wa tatu jirani akatania, "Fundi, redio umeizima?"

"Amekua. Siku hizi mtulivu."

Hakuwa mtulivu. Alisema "Baba", akapumua, "maji", akapumua tena. Sisi tukaona ni adabu. Kikohozi kikamkuta hivyo, akashindwa kutoa makohozi. Midomo ilipobadilika rangi, baba akambeba mbio hospitali.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamgusa mbavu. "Nani kazifunga hizi?"

"Nilimtengenezea kiti."

"Kiti kizuri. Nani alikuwa anamtoa?"



FUNZO

Ndugu zangu, mtoto asiyeweza kujigeuza anahitaji mikono yako kila siku, hata umtengenezee kitu kizuri namna gani. Na msemaji akinyamaza, usimsifu. Msogelee, usikilize anavyopumua.

Mama alirudi kabla miezi minne haijaisha. Bibi sasa anauguzwa na mdogo wa Mama. Baba anainua ule mkono asubuhi na jioni, na makochi ya watu yanachelewa. Kiti ni cha kulia chakula tu. Mimi nilihama, kwa aibu ya kiti nilichokisifu. Redio yu hai, na kwa pumzi moja anasema maneno manne.