Walter Alizikwa Akiwa Njiani

Walter alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu. Haya nayasimulia kama Magige alivyotusimulia, na Magige hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Asubuhi hiyo, mwaka wa sitini na sita, wanaume watatu, Walter, Magige na Elijah, waliamka Isebania kwa mama yake Magige, wakanywa uji wa wimbi na kupaka cheni za baiskeli mafuta. Walikuwa wamelizunguka ziwa zima: Homa Bay, Kisumu, Uganda, Bukoba, Mwanza, Musoma. Siku sabini na mbili. Zilibaki mbili tu. Leo Walter angelala kwake, mbele kidogo ya Rongo, na mkewe Benta; kesho wangemalizia Homa Bay.

Kapteni wao alikuwa Elijah, binamu yake Walter, wajukuu wa babu mmoja. Barua za nyumbani aliandika yeye, moja kila mji, kwa niaba ya wote. Wenzake walimwachia kwa moyo mkunjufu. Baada ya kutwa nzima ya kukanyaga pedeli, nani ana hamu ya kushika kalamu? Majibu hawakuyapata, kwa kuwa hawakukaa mahali pamoja. Hata Mwanza, Walter alipolazwa siku tisa kwa malaria, Elijah ndiye aliyeandika.

Waliondoka na umande. Walter aliimba mpaka Migori, ila kila mara alitema mate pembeni. Mdomo wake ulikuwa na mchanga.

"Ni vumbi," Elijah alimwambia.

Darajani Migori waliteremka mtoni kunawa. Vumbi la barabara lilikuwa jekundu, na maji yaliyotoka kwa Elijah na Magige yalikuwa mekundu. Yaliyotoka kwa Walter yalikuwa meusi. Alinawa mara tatu, na bado yalitoka meusi.

Uriri ilikuwa siku ya soko. Marcella, muuza vyungu, jirani yao wa nyumbani, aliinua macho akamwona Walter. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma polepole mpaka mgongo ukagusa ukuta wa duka.

"Mama Marcella, ni mimi."

"Tulikuzika," alinong'ona. "Ijumaa ya juzi. Barua ilisema ulizama ziwani. Tukazika yago."

Yago ni tunda refu, zito kama gogo. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, Wajaluo hulifunga tunda hilo katika blanketi, wakalililia, wakalizika mahali pake. Tangu hapo kaburi lina mwenyewe.

Walter alimgeukia Elijah, aliyekuwa ameinama akijaza tairi upepo. Tairi halikuwa na pancha.

"Uliandika nini, omera, ndugu yangu?"

"Daktari alisema hutamaliza usiku."

"Nikapona. Na kuzama kumetoka wapi? Mbona hukuandika tena?"

Pampu ilipanda ikashuka. Walter akaelewa, na moyo ulimuuma kuliko malaria yote ile. Mke wa marehemu hurithiwa na ndugu wa ukoo. Elijah alikuwa akimtazama Benta tangu siku ya harusi, na Walter alikuwa akicheka tu, akidhani ni utani wa mashemeji.

"Sikiza, Walter," Marcella alisema bila kumkaribia. "Usipite langoni mwenyewe. Mwenye kuleta habari ya kifo chako asimame pale, aseme alidanganya. Ni yeye peke yake anaweza kuiondoa. La sivyo kaburi litakudai."

"Nitasema," Elijah alisema. Machozi yalimtoka. "Nakuapia. Tukifika nitasema."

Walter akamwamini tena. Hilo ndilo kosa lililokuwa likimtoa Magige machozi, miaka ishirini baadaye.

Kutoka Uriri baiskeli yake ilikuwa nzito. Hata kwenye mteremko alikanyaga. Magige aliyekuwa nyuma yake aliona keria imebonyea, na hapakuwa na kitu juu yake. Walter hakuimba tena. Alikohoa, na kilichotoka kilikuwa udongo. Udongo mweusi, mbichi, wenye vijizizi.

"Upande kwangu nikubebe?" Magige aliuliza.

"Wacha. Nataka nifike na miguu yangu."

Walifika saa tisa, jua likiwaka. Baba mzee wa Walter alisimama ndani ya lango, na Phelesia, mama yake Walter, nyuma yake. Mlangoni pa nyumba yake alikaa Benta, kichwa kimenyolewa, amevaa koti la Walter.

Walter alisimama nje. Udongo ulimtiririka masikioni.

Mzee hakumtazama yeye. Alimtazama Elijah. "Wewe ndiye uliandika. Huyu ni mwanangu, ama ni jachien, mzimu umekuja kutumaliza?"

"Ni Walter, mzee!" Magige alisema. "Nimekula naye asubuhi."

"Wewe ni mgeni. Naongea na huyu."

Elijah alimtazama Benta. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Walter alizama," alisema kwa sauti ya chini. "Kama nilivyoandika."

Walter hakukasirika. Alimgeukia mama yake, akafungua mdomo amwite. Udongo ukajaa. Magige alimkumbatia asianguke, akahisi mwili unakuwa mwembamba, mgumu, baridi. Alipotazama, mikononi mwake alikuwa na shati la Walter, bado limelowa jasho. Ndani ya shati mlikuwa na yago.

Kando ya nyumba, kaburi lililokuwa bapa asubuhi lilikuwa limevimba kwa urefu wa mtu.

Magige aliomba jembe. Wazee walikataa. Akachimba kwa kucha mpaka wakamfunga kamba.

Mwezi uliofuata Elijah alikabidhiwa nyumba ya Benta. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha. Asubuhi alipofungua mlango, alikuta alama ya tairi moja la baiskeli kwenye matope. Ilianzia kaburini, ikaja moja kwa moja hadi kizingitini. Hapakuwa na alama ya kurudi. Alichukua jembe aifute.

"Iache," Benta alimwambia. "Mwenye nyumba amelala ndani. Wewe tafuta pengine."

Elijah hakulala humo tena hadi alipokufa. Benta sasa ni mzee, na bado anaishi peke yake. Nilimtembelea Aprili, mvua ya kwanza ilipopiga. Alama ilikuwepo, na sufuriani alikuwa amepika ugali wa watu wawili.