Namba ya Mimba

Picha ya ultrasaundi ya mgonjwa aitwaye Zita ilinuka. Aikaeli aliisogeza mbali na pua, akadhani kuna mtu kasahau maziwa yakachacha humo ofisini, akaendelea na kazi. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua namba za kudai malipo ya bima kwa kila kipimo cha picha katika ile hospitali ndogo ya Moshi, na mchana huo foleni ilikuwa imefika mlangoni. Daktari alikuwa ameandika kipimo cha tumbo. Lakini katikati ya weusi wa picha palikuwa na kitu kimejikunja, kichwa na mgongo, basi Aikaeli akachagua namba ya mimba.

"Dada, mimi sina mimba," Zita alisema pale dirishani, alipoisoma karatasi yake. "Nilishaondolewa kizazi."

"Kompyuta imeshapokea. Kaa kwenye benchi, utaitwa."

Hakumtazama hata usoni.

Punde kitu kikaanza kufyonza chini ya meza, kama mdomo uliojaa mate. Aikaeli alivuta miguu, akahisi ulimi wa baridi ukipanda kwenye kifundo, kisha kifua kikamjaa ghafla, kikauma, na blauzi ikaloa maji mazito ya njano yaliyonuka usaha, naye ambaye hajawahi kuzaa akajifunika kwa mtandio, huku kule nje Zita akipiga yowe kwa kuwa tumbo lake lilikuwa likifura mbele ya watu na vidole vidogo vikiisukuma ngozi kutoka ndani.

Martha, bibi yake Zita, muombeaji aliyejulikana Machame nzima, aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Shikamoo, bibi," Aikaeli alinong'ona.

"Marahaba. Jini hili limemganda mjukuu wangu tangu mwaka jana, lakini halikuwa na jina. Leo nani kaliita mtoto?"

"Mimi, bibi. Nilikuwa na haraka."

"Haya, njoo ulikane. Kwa mdomo wako mwenyewe."

Wakatoka hadi kwenye benchi. Bibi akaweka mkono juu ya tumbo la Zita, akaomba kwa Kichagga. Aikaeli akapiga magoti, akaliambia lile tumbo:

"Wewe si mtoto. Hukuzaliwa na mtu, wala hakuna anayekusubiri."

Kitu kikalia kama kichanga. Zita akatapika bonge la nywele, kucha na meno yaliyoshikamana kwa ute. Bonge likajiburuta sakafuni hadi kwenye tundu la maji machafu, likajiminya, likapotea. Tumbo likashuka. Zita akalala mapajani mwa bibi yake, akihema, mzima.

Aikaeli alifuta ile namba, akachagua ya tumbo.

Lakini kifua chake hakikukauka. Wiki iliyofuata alipanda mwenyewe kwenye kitanda cha kipimo, na Jesse wa chumba cha ultrasaundi akapitisha kifaa juu ya titi la kushoto, akasita, akarudia.

"Dada Aikaeli," alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa bado kwenye kioo, "kuna kitu humu. Kinanyonya kwa ndani."