Mstari Mtupu Ubaoni

Mwalimu Abdiel ndiye aliyenifundisha kuimba. Alipiga kinanda cha kanisa kuu akiwa peku, na ukikosea hakugomba, alirudia tu mpaka ukaona aibu mwenyewe. Nilimpenda kuliko baba yangu.

Misibani tuliimba wanne, kila mtu sauti yake: mimi ya kwanza, yeye besi. Noti tulizikuta ubaoni tayari, mistari minne, tukidhani kaandika yeye. Mara moja mstari wa pili uliachwa mtupu, na wiki ileile Mama Evaresta, mwimbaji wake, akafa. Kisha wa tatu, akafa Romanus.

Jumamosi moja mchana mstari mtupu ukawa wangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwalimu aliingia, akatazama ubao, akauliza nani kaandika. Ndipo nilipojua haandiki yeye.

"Mwalimu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu. Kalete maji."

Niliporudi, chaki ilikuwa mkononi mwake. Mstari wangu umejaa. Wa besi umefutwa. Jumanne tulimzika.

Siku hizi mwalimu wa kwaya ni mimi. Naimba besi, mke wangu Rachel sauti ya pili, jirani yetu Godbless ya tatu, binti yetu Hanna ya kwanza. Kisa cha Mwalimu nilimsimulia Rachel peke yake.

Jumamosi iliyopita nilifungua chumba cha mazoezi, Hanna yuko nyuma yangu. Kulikuwa na wimbo ubaoni. Sikuuandika mimi.

"Baba, mbona mimi hujaniandikia?" Hanna aliuliza.

"Nenda nyumbani," nilinong'ona. "Usiimbe."

Niliujaza mstari wake. Nikafuta wangu. Nilifunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni mwa koti.

Jioni Hanna alimweleza mama yake. Rachel alichukua koti langu, akalitundika.

Jumapili alitangulia kanisani, akisema anakwenda kupamba madhabahu. Nilivaa koti. Ufunguo haukuwemo. Niliukuta unaning'inia mlangoni mwa chumba cha mazoezi.

Mstari wa Hanna ulikuwa umejaa. Wangu umerudishwa. Wa pili ulikuwa mtupu.

Rachel alikuwa amesimama nyuma yangu, anajipangusa chaki vidoleni.

"Usiufute tena, Mika," alisema. "Nakuomba."

Leo Jumatatu yuko jikoni anamenya ndizi. Naogopa hata kumwacha aende kisimani. Anaimba ule wimbo, sauti ya pili, ingawa hakuna aliyeufundisha. Chini ya sauti yake kuna besi niliyoijua utotoni.

Mimi nimefunga mdomo.