Marhoun Hakufika Kuwait

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Thuraya alipasha moto kahawa, akapanga tende kwenye sahani, kisha akafunga mlango wa mbele. Nyumba nyingine za mtaa ule katika mji wa Ibra zilifungua milango saa hiyo ili majirani waingie. Nyumba ya Bimdogo ilifunga. Bimdogo alisema anaogopa vumbi. Vumbi lenyewe lilikuwa likipita dirishani bila kuomba ruhusa, lakini hakuna aliyethubutu kumweleza Bimdogo habari hiyo, kwani kilichokuwa kidogo kwake ni jina tu.

Bimdogo alikuwa bibi yake Thuraya. Wazazi walikuwa wamefariki, naye ndiye aliyemlea Thuraya, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, pamoja na kaka yake Marhoun, ambaye mwaka huo wa 1983 alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Walitoka Unguja wakati Thuraya bado anabebwa. Nyumbani walizungumza Kiswahili. Kiarabu kilikuwa cha skuli na cha sokoni.

Sababu ya kweli ya kufunga mlango ilikuwa Marhoun. Miaka sita nyuma, alikuwa akirudi kutoka Maskati na wenzake wasio wa Ibra. Pale Bidbid, njia ya Ibra inapoachana na ile ya Nizwa, polisi walisimamisha gari lao. Ndani ya soksi ya Marhoun walikuta bangi iliyofungwa katika kipande cha gazeti. Hakuwekewa na mtu. Ilikuwa yake, na alikuwa akiivuta. Alihukumiwa, akakaa jela karibu mwaka mzima.

Siku ya pili baada ya hukumu Bimdogo aliutangazia mtaa kwamba mjukuu wake amepata kazi Kuwait. Lilikuwa jambo la kuaminika, maana vijana wengi wa Ibra walikwenda kufanya kazi huko. Uongo ule haukuachwa ukae na njaa. Bimdogo alinunua vitambaa katika soko la Matrah, akawagawia majirani na kusema ni zawadi za Marhoun. Thuraya naye alipokua kidogo akautilia chumvi. Skuli alisimulia ghorofa za Kuwait na mashine ya kufanya barafu iliyokuwa chumbani kwa kaka yake, na wenzake walimsikiliza kwa heshima kubwa ambayo hakuistahili hata kidogo.

Marhoun alipotoka jela aliapa kwamba hatavuta tena, na hakuvuta. Lakini alikuta amewekwa Kuwait, na kutoka huko asikofika kulikuwa kugumu kuliko kutoka jela. Hakuweza kwenda sabla, ule ukumbi wanaume wa mtaa wanamokutana kunywa kahawa na kuzungumza, kwa sababu Turki alikuwa akikaa humo kila jioni. Turki alifanya kazi Kuwait miaka mingi, naye alikuwa na hamu kubwa ya kumuuliza Marhoun alikaa mtaa gani. Kwa hiyo Marhoun alitoka nyumbani alfajiri, akaingia gereji, akalala chini ya magari mpaka jioni. Aliyemtafuta Ibra aliona miguu yake tu.

Wala hakuwa fundi kwa kupenda. Alikuwa dereva mzuri, na alikwisha kuomba kazi mara kadhaa: kwanza idara ya maji, halafu basi la skuli, halafu umeme. Kila mahali walimpenda mpaka walipomwambia alete hati ya polisi ya tabia njema. Polisi waliandika walichokijua, na kazi akapewa mwingine.

Sasa hospitali ilikuwa ikitafuta dereva wa gari la wagonjwa. Marhoun aliomba tena, na safari hii askari mmoja akamhurumia. Alimweleza kwamba aliyemaliza adhabu yake, ikapita miaka bila kosa jingine, anaweza kumwomba hakimu amfutie kosa kwenye kumbukumbu. Hakimu akataka shahidi mmoja: jirani mwaminifu, atakayeapa jinsi Marhoun alivyoishi tangu atoke jela.

"Jirani gani?" Bimdogo aliuliza, wakila chakula cha mchana.

"Ndiyo shida yenyewe, Bibi. Hakuna anayejua kuwa niliingia. Nani atasema nilivyotoka?"

"Hapana shida hapo. Sheikh Sleyum atasema kuwa wewe kijana mzuri. Si lazima ajue mzuri baada ya nini."

"Ataapa, Bibi. Mbele ya hakimu."

"Ataapa kuwa wewe mzuri. Kwani wewe mbaya?"

Marhoun alitazama wali wake. Akisema ndiyo, amejitukana. Akisema siyo, ameshakubali.

Sheikh Sleyum alikuwa mzee wa nyumba ya pili. Zamani alikuwa na duka Unguja, na ilisemekana hakuwahi kumwapia mteja hata bei ya kitambaa. Jioni ile Bimdogo alivaa baibui lake, akamshika Thuraya mkono, wakaenda.

"Shikamoo, Babu," Thuraya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Bimdogo, karibu. Leo jua limetokea upande gani?"

Walikaa kwenye mkeka. Sheikh Sleyum akamimina kahawa mwenyewe, akampa mgeni wake. Bimdogo alikipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa tena.

Watu wa Ibra wote wanajua maana ya jambo hilo. Mgeni anayeweka kikombe chini ana haja, na hatakunywa mpaka mwenyeji amwahidi kumtimizia. Na mwenyeji mwenye heshima zake haachi kahawa ya mgeni ipoe. Sheikh Sleyum alikitazama kile kikombe.

"Kunywa, Bimdogo. Haja yako umeipata."

Bimdogo akanywa, na kwa raha akaomba cha pili. Kisha akaeleza: siku ya Jumanne Sheikh aende na Marhoun kwa hakimu, akaseme kwamba kijana ana tabia njema. Ni mambo ya kazi ya hospitali tu.

"Hilo tu?" Sheikh Sleyum alicheka. "Hilo ningelisema hata bila kahawa. Nitaapa kuwa nimemjua tangu mdogo, akaenda Kuwait kutafuta riziki, akarudi na adabu zake zilezile."

Kahawa ilimpalia Bimdogo. "Kuwait si lazima kuitaja."

"Kwa nini nisiitaje? Ndilo jambo zuri kuliko yote. Kijana peke yake ugenini, na hakuharibika." Akamgeukia Thuraya. "Hebu nikumbushe wewe, msimulizi wetu. Alikaa mtaa gani kule? Hakimu anaweza kuniuliza."

Thuraya alifikiria kukimbia, lakini goti la Bimdogo lilikuwa limekalia pindo la gauni lake. Alifikiria kutaja mtaa wowote, na majina kadhaa mazuri yalimjia mdomoni, kwa kuwa alikuwa na mazoezi ya kutosha. Halafu akamwona mzee huyu akiapa mbele ya hakimu kwamba Marhoun alikuwa Kuwait, na hakimu akiwa ameshika karatasi inayosema alikuwa jela. Mzee ataaibika mbele ya watu. Marhoun ndiyo basi tena, atabaki chini ya magari.

"Babu," alisema, "kaka Marhoun hakufika Kuwait. Alifungwa. Kwa bangi."

Bimdogo alijifunika uso kwa ncha ya baibui. Sheikh Sleyum alisogeza birika pembeni.

"Na vile vitambaa?" mzee aliuliza.

"Vya Matrah," Bimdogo alijibu kwa sauti ndogo.

"Mke wangu alivivaa Idi mbili. Kila aliyemsifu alimwambia ni vya Kuwait." Alipangusa kikombe chake pole pole. "Bimdogo, umelichukua neno langu kabla sijajua nimelitoa kwa jambo gani. Silirudishi. Lakini siwezi kumwapia mtu nisiyemjua. Marhoun ninayemjua mimi alikuwa Kuwait. Huyo mwingine aje sabla kesho baada ya magharibi, ajijulishe."

Njiani Bimdogo alisema mara moja tu: "Umenivua nguo mbele ya watu." Thuraya alikuwa na hofu kuwa kaka yake atasema vibaya zaidi.

Marhoun aliposikia habari alikaa kwenye ngazi, mikono yake ikinuka petroli. "Ningekimbia," alisema. "Lakini nikimbilie wapi sasa? Kuwait?" Thuraya alianza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo halipendezi kulitazama.

Kesho yake Marhoun aliingia sabla kwa mara ya kwanza tangu atoke jela. Aliwaamkia wazee, akasimama, akasema yote: ile soksi, lile gazeti, jela, na uongo. Alisema bangi ilikuwa yake na hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Baba yake Fawziya, msichana ambaye Bimdogo alikwisha kumchagua awe mke wa Marhoun, aliinuka, akavaa viatu vyake, akaenda zake bila kuaga.

Turki ndiye aliyezungumza kwanza. "Miaka yote hii natafuta mtu wa kuzungumza naye mambo ya Kuwait, nawe ukiniona unavuka njia. Mimi nikidhani unanidharau."

"Nilikuogopa, Ami Turki."

"Basi kaa. Tutazungumza mambo mengine."

Marhoun akakaa, akapewa kikombe.

Jumanne walikwenda kwa hakimu, Thuraya akiwa nyuma na Bimdogo. Hakimu alikuwa mtu wa macho makali na maneno machache.

"Unajua kwamba huyu alifungwa?" alimuuliza Sheikh Sleyum.

"Najua, tangu wiki iliyopita."

"Watu wa nyumba yake wamekudanganya miaka yote, kisha unakuja kuwasifu?"

"Sikuja kuwasifu wao," alisema Sheikh Sleyum, na Bimdogo akatazama sakafu. "Mambo ya Kuwait nilisimuliwa. Lakini miaka hii mitano hakuna aliyenisimulia, nimeiona mwenyewe. Alfajiri ananipita akienda kazini, hana harufu ya moshi wala macho mekundu. Pampu ya kisima chetu ilipokufa aliitengeneza, akaondoka kabla hatujamshukuru. Nilidhani ni kiburi. Kumbe alikuwa akikimbia maswali. Na kosa lake amelisema mwenyewe mbele ya watu wa mtaa, hakulazimishwa na askari. Hayo ninayaapia."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Thuraya alihesabu vigae vya ukutani, akapotea, akaanza tena. Kisha hakimu akasema kwamba kosa lifutwe, na kwamba hati ya Marhoun itatoka safi.

Hati ilitoka, na hospitali ikampa Marhoun kazi. Fawziya hakumpata, aliolewa mjini Sur kabla ya Ramadhani. Siku moja Thuraya alimpelekea kaka yake chakula, akamkuta amekaa ndani ya gari la wagonjwa, mlango wazi, na wagonjwa wanaongoja daktari wakimwamkia kwa jina.

"Sasa limefutwa," Thuraya alisema, "kwa hiyo ni kama halikutokea?"

Marhoun alipokea sahani, akaiweka kwenye kiti.

"Limefutwa kwenye karatasi, na ninamshukuru Mungu. Lakini kazi nilizokosa sikurudishiwa, na Fawziya hakurudi. Kifua changu mpaka leo nikipanda ngazi kinanikumbusha. Sikiliza, Thuraya, na ukawaambie wenzako skuli, maana wewe kusimulia unajua. Bangi ilinifunga karibu mwaka mmoja. Uongo tuliousema ili kuificha ulinifunga mitano, na huo hakimu hakuwa na ufunguo wake. Wewe ndiye uliyefungua. Mtu akikosea, aseme mapema, wakati wanaompenda bado wanaweza kumsaidia."

Mlinzi wa hospitali akaja mbio kusema kuna mgonjwa anangoja gari kwenye njia ya Sur. Marhoun alimrudishia dada yake sahani ya chakula, akafunga mlango wa gari, akaondoka.