Nani Alitia Barafu Kwenye Gambuti?

Kila asubuhi Thoa alimnyonyesha mtoto huku amesimama. Mkono mmoja ulimshika mtoto. Mkono wa pili ulikoroga uji wa mchele. Mtoto alikuwa na miezi minane. Nyumbani walimwita Tep, yaani uduvi, kwa sababu alizaliwa mdogo mno.

"Shiba, uduvi wangu," Thoa alimwambia. "Mama anakwenda kumenya ndugu zako."

Khai, mume wake, alicheka. Yeye alitengeneza injini za boti kando ya mfereji. Bibi wa mtoto alibaki naye nyumbani.

Thoa alifanya kazi katika kiwanda cha kumenya kamba, wale uduvi wakubwa wanaofugwa bwawani. Ndani ya kiwanda watu wote walivaa sawa: kofia nyeupe, barakoa, koti refu, glavu na gambuti nyeupe. Ni macho tu yaliyoonekana. Ukitaka kumjua mtu kwa mbali, ulitazama gambuti zake. Kila mmoja alizitia alama. Za Thoa zilichorwa ua. Za Mien, jirani yake mezani, zilifungwa uzi mwekundu.

Kule kwao sheria humpa mama anayenyonyesha saa moja ya mapumziko kila siku, mpaka mtoto atimize mwaka. Thoa aliiomba saa hiyo na ofisi ikakubali. Akawa anatoka mapema kuliko wenzake.

Msimamizi wa meza yao, Dada Bay, hakufurahi.

"Haya, jamani, mpisheni Bibi Saa Moja!" alipaza sauti. "Malkia anakwenda kujinyoosha. Kamba wake tutamenya sisi vijakazi."

Meza nzima ilicheka. Nani alicheka kwa moyo? Nani alicheka kwa woga? Barakoa ziliwaficha wote.

Kesho yake beseni la Thoa lilirudishwa na wakaguzi. Kamba wake walichanganyika na maganda.

"Umeshaanza kulala kazini?" Dada Bay aliuliza.

"Dada, niliwamenya wote. Sijui maganda yametoka wapi."

"Basi yametembea yenyewe."

Siku nyingine Thoa alikuwa ameinama mezani. Ghafla barafu ilimwagika ndani ya gambuti yake. Aliruka kwa baridi. Alipogeuka aliona mgongo mweupe ukiondoka, na chini yake gambuti zenye uzi mwekundu.

Dada Mien! Mwanamke aliyekuwa akila naye sahani moja!

Mchana huo Mien alichukua wali wake akaenda kukaa meza nyingine. Hakumtazama Thoa. Thoa alikumbuka Dada Bay alivyomnong'oneza kwamba Mien anatabasamu huku anauma. Akasema moyoni, "Sasa nina hakika." Tangu siku hiyo aliwaogopa wote. Wawili wakinong'ona, aliona wanamsema yeye. Mtu akikohoa, aligeuka. Hata maziwa yakaanza kupungua, na Tep akawa analia akinyonya.

"Ninaacha kazi," alimwambia Khai jioni moja.

Khai alifuta grisi mikononi. "Ukiacha, itabidi niende mbali, hadi Binh Duong kwa kaka. Viwanda vya kule vinaajiri. Nitarudi sikukuu ya mwaka mpya."

"Na mtoto akujue kwa simu tu?"

Khai alimchukua mtoto, akampakata.

Shangazi Lanh, jirani yao, alikuwa akipita na fungu la mboga. Alimsikia Thoa akilia, akaingia. Alifanya kazi katika chumba cha kufungasha cha kiwanda hichohicho, na wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wao katika chama cha wafanyakazi. Thoa alimweleza yote.

"Ulimwona Mien usoni?" Shangazi Lanh aliuliza.

"Niliona gambuti zake, shangazi."

"Gambuti hukaa rafuni. Zina miguu ya nani siku hiyo, unajua?"

Thoa alifuta machozi.

"Sikiliza, mwanangu. Haya si utani wa kazini. Kumpa mtu jina la dharau kila siku, kumharibia kazi, kumtenga, huo ni unyanyasaji. Hukuuleta wewe kwa kunyonyesha. Lakini usimtuhumu mtu kwa kukisia. Zungumza na Mien mahali ambapo hamjavaa barakoa. Mwulize, usimshambulie. Kisha sema uliyoyaona kwa macho: jambo gani, siku gani, nani alikuwepo. Wala usiache kazi kwa hasira. Ukiondoka, mnyanyasaji anabaki na kumtafuta mwingine."

Jumapili Thoa alikwenda kwa Mien. Mien alikuwa akianua nguo. Hakumkaribisha.

"Umekuja kunipeleleza hadi huku?" Mien alisema.

"Mimi? Ni wewe uliyenitia barafu, dada!"

"Barafu gani?"

Thoa alimtajia siku. Mien aliishusha nguo mkononi.

"Siku ile gambuti zangu hazikuwa rafuni. Dada Bay alizivaa. Alisema zake zimechanika. Akanipa jozi inayovuja. Muulize Hue wa meza yetu, tulikuwa naye mlangoni."

Walitazamana. Sasa Thoa aliuona uso mzima, na mdomo uliokuwa ukitetemeka.

"Kwa nini ulihama meza ya chakula?"

"Dada Bay aliniambia umenichongea ofisini. Eti najificha chooni. Akasema, 'Mchunge yule, anatabasamu huku anauma.'"

"Mbona maneno hayohayo aliniambia mimi juu yako!"

Kumbe msimamizi alikuwa akiwagombanisha, ili asiwepo wa kumtetea mwenzake. Jioni ile walikwenda pamoja kwa Hue. Naye alikuwa na yake: alimwona Dada Bay akitia maganda kwenye beseni la Thoa, akatishiwa kuhamishiwa chumba cha barafu.

Jumatatu Dada Bay aliita tena, "Bibi Saa Moja!"

Thoa alivuta pumzi. "Dada Bay, jina langu ni Thoa. Sitaki kuitwa hivyo tena."

"Heee! Uduvi naye ana meno?"

"Nami nimesikia Thoa alivyokuambia, Dada Bay," Mien alisema. Hue akasogea karibu nao. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha watatu hao waliandika malalamiko na kuyapeleka ofisini pamoja na Shangazi Lanh. Meneja alimhoji kila mmoja peke yake, Dada Bay pia. Wafanyakazi wengine wawili walithibitisha. Dada Bay alivuliwa usimamizi, akaonywa kwa barua asithubutu kulipiza kisasi. Meneja akatangaza kwamba saa ya mama haihesabiwi tena katika kiwango cha kazi cha meza, kwa hiyo hakuna anayembebea mwenzake mzigo.

Hofu haikuisha siku moja. Thoa aliendelea kugeuka mtu akikohoa. Lakini mchana alikula na Mien na Hue, na polepole maziwa yakarudi.

Jioni moja kaka wa Khai alipiga simu kutoka Binh Duong. Alitaka kujua kama Khai anakwenda, kwani chumba cha kulala kilikuwa tayari. Tep alikuwa amelala kifuani kwa baba yake, vidole vyake vimeng'ang'ania shati.

"Kaka, mpe mtu mwingine," Khai alinong'ona. "Hapa nimeshikwa."